Balozi Juu ya Kabati

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimepiga kelele mpaka Kuruthumu wa nyumba ya pili akaja mbio na mwiko mkononi. Alidhani mume wangu Obed ananipiga! Obed, ambaye hata nzi anamfungulia dirisha. Hakikuwa kipigo, lilikuwa boksi. Karudi safari na lori lake, kaweka boksi la biskuti mezani, juu ya gauni la bibi harusi wa watu, anasema: fungua, zawadi yako. Nikafungua — masikio! Yaani kwanza masikio, halafu ndiyo mnyama. Masikio makubwa kuliko uso wenyewe. Kikanipulizia “hsss” na mimi nikajikuta nimesimama juu ya kiti.

Mtoto wa paka, Obed anasema. Mbegu ya Marekani, inaitwa Savana. Kapewa na jamaa yake wa Tunduma, bosi wa jamaa anahama nchi. Nikamwambia sijawahi kukuomba paka hata siku moja.  Akasema: niliona nyumba imekuwa kimya.

 Anajua kwa nini imekuwa kimya. Mimba ilitoka mwezi wa pili, na tangu hapo ni mimi na cherehani tu.

Kimelala kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Sitakipenda. Nimeamua.

Jumanne, 6 Mei

Jina lake ni Balozi. Si katoka Marekani?

Bando lote limeishia kwake leo. Nimesoma hiyo habari ya Savana na naandika nikiwa bado nimeshtuka. Mwaka 1986, huko Pennsylvania, mama mmoja mfuga paka alizalisha paka wake wa nyumbani, yule wa Kisiamu, kwa dume la mnyama wa Afrika. Wa nyumbani na wa porini! Wakapata mtoto, wakamwita Savannah, na ukoo mzima ukachukua jina hilo. Haya, huyo mnyama wa Afrika ni nani? Wao wanamwita serval. Nikatafuta Kiswahili chake.

MONDO!

Mondo mwizi wa kuku! Huyu huyu anayekatiza mashamba ya chai asubuhi kukiwa na ukungu, ambaye watu wa Kinyala kwa kina Obed wakisikia kapita wanatoka na mbwa na mapanga. Kumbe ana wakwe Marekani! Ana wajukuu wanaolala kwenye makochi na kupelekwa kwa daktari! Nimecheka peke yangu mpaka uzi ukakatika.

Nikamsimulia Kuruthumu juu ya ukuta wa uani. Akasema: shoga, basi huyo wako amerudi likizo kwa babu yake.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi ya kufa mtu. Mvua ya manyunyu tangu Alhamisi, nguo za wateja hazikauki, na Balozi anakua kama mgomba uliotiwa samadi. Sasa ana miguu! Mirefu, ya nyuma mirefu zaidi, utadhani kavaa viatu vya mchuchumio. Kichwa kidogo, shingo ndefu, mwili wa rangi ya mchanga wenye madoa meusi, na mgongoni madoa yameungana yakawa mistari. Mkia umeishia njiani. Mfupi, wenye pete pete, ncha nyeusi. Nyuma ya kila sikio kuna weusi, na katikati ya weusi doa jeupe. Nikimwona kwa nyuma naona kama ananitazama.

Leo nimekoma. Nilikuwa nachota maji, kaingia kwenye beseni mwenyewe! Paka! Majini! Akakaa anapiga maji kwa mkono kama mtoto anayeogeshwa. Nikakimbilia simu. Imeandikwa: Savana hupenda maji. Haya. Halii nyau, anapuliza na kutoa mlio kama ndege — imeandikwa. Anaruka kutoka sakafuni mpaka juu ya kabati la vyombo bila kugusa kitu — imeandikwa. Ni mkubwa kuliko paka wote niliowahi kuona, na bado anaendelea — imeandikwa, hasa wale wa uzao wa kwanza. Kila ninachoshtukia, simu inanijibu. Nimetulia.

Wateja wanakuja kumtazama yeye, halafu kwa aibu wanaacha kitambaa. Na kile nilichosema kwamba sitakipenda, tusirudie tena.

Jumatano, 16 Julai

Aibu! Aibu tupu! Balozi kaingia mlangoni na jogoo mdomoni. Jogoo mzima, mkubwa, wa Mzee Ackson, balozi wetu wa nyumba kumi. Na Mzee Ackson nyuma yake na fimbo, kanzu ya kulalia ndani ya koti.

Kwanza kuku. La pili, akasema, mtaa huu una balozi mmoja tu, na ni mimi, nimechaguliwa na wananchi, siogi kwenye beseni. Kuruthumu alilazimika kuingia ndani kucheka. Mimi niliomba radhi mpaka magoti yakauma, nikatoa jogoo wangu mwenyewe. Lakini alipofika kwenye ngazi akageuka akamtazama Balozi kwa muda. Akauliza: huyu ni paka kweli? Nikamwambia ni wa Marekani. Akasema huko Marekani ndiko ambako sijafika, lakini bwana wa wanyamapori pale halmashauri amesoma, atatuambia.

Kwa nini amwite bwana wa wanyamapori kwa ajili ya paka? Sijapenda.

Ijumaa, 29 Agosti

Obed kapiga simu kwao. Baba yake anakuja hapa kwetu kufanyiwa upasuaji, mtoto wa jicho. Atakaa hapa. HAPA! Nyumba ya vyumba viwili!

Nimekaa chini.

Jumatatu, 15 Septemba

Amefika. Sijamwona, ila nimemsikia.

Niandike vizuri maana kichwa kinazunguka. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukimwona anakuja unaacha njia, unajifunika kanga, unainama mpaka apite. Humsemeshi, humtaji jina. Wasichana wa mjini wanacheka mambo haya, na Obed mwenyewe aliniambia tuyaache, lakini mimi nimelelewa na bibi yangu na mwili wenyewe unakataa. Mwaka wa sita sasa nimeolewa, sijui pua ya baba mkwe wangu ikoje. Jina lake siliandiki hata hapa ambapo hakuna anayesoma.

Kwa hiyo: sebule ni yake, chumba ni changu, kati yetu pazia la kwenye korido. Mimi napita mlango wa nyuma. Mama mkwe kaja naye, anabeba chakula na maneno. Na wamenifundisha utaratibu wa nyumba yenye nafasi finyu: mzee akitaka kutoka kwenda chooni anakohoa, kikohozi kimoja kikubwa, mimi najificha. Nikishajificha nagonga mfuniko wa sufuria, naye anajua njia ni nyeupe. Kohoa, gonga. Kohoa, gonga. Tumefanya hivyo kutwa nzima na wala hatujagongana. Nimeona raha kidogo, sijui kwa nini.

Obed kaondoka alfajiri na lori la ndizi za kwenda Dar. Wanaume!

Jumanne, 16 Septemba

Balozi haelewi mila. Anapita chini ya pazia atakavyo. Leo kaenda kukaa miguuni kwa mzee, ambaye jicho moja lilikufa zamani na lingine lina ukungu, haoni kitu, na mzee kaanza kumpapasa. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunja shuka. Nikasikia mkono unapita kwenye manyoya, taratibu, kisha ukasimama.

Mama mkwe kaja jikoni, macho yamemtoka. Baba yako anauliza, anasema, mnamfuga nani humu ndani. Nikasema mwambieni ni paka. Akaenda, akarudi: baba yako anasema amepapasa miguu, amepapasa masikio, amepapasa mkia, huyu si paka, ni mondo. Nikamwambia: mama, mwelezeni vizuri, ni paka wa Marekani, babu yake ndiye mondo. Akaenda.  Akarudi anajizuia kucheka: baba yako anauliza, hao wa Malekani kuku wa kuwatosha wanawatoa wapi?

Nimecheka na mimi. Lakini nimeshona kola kinyume.

Jumatano, 17 Septemba

Siku mbaya. Nianzie wapi!

Asubuhi upasuaji umekwenda salama. Mzee karudishwa, jicho limefungwa bandeji, litafunguliwa kesho alasiri. Mchana simu: dada yake mama mkwe amefariki kule Matwebe. Mama kaangua kilio uani, nikamshika. Hakuna namna, lazima aende. Na mzee? Akasema, mwanangu, Kuruthumu atampelekea chakula, wewe endelea na mfuniko wako. Ndaga, mwanangu, ndaga fijo, akanishukuru sana. Akapanda bodaboda na kanga yake ya msiba.

Basi tumebaki wawili na pazia.

Jioni ikaja habari mbaya ya pili. Nilimpigia Obed kumpa habari za msiba. Yuko Makambako, lori limekufa klachi. Nikamwambia pia, kwa kuchekesha, baba yako kasema Balozi ni mondo. Hakucheka. Nikasema Obed? Akasema: Esnath, kaa kwanza.

Hakuna jamaa Tunduma. Hakuna bosi anayehama. Ilikuwa barabara ya chai, karibu na kwao Kinyala, alfajiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye kioo. Kitu kikaruka mbele ya lori. Akashuka, akakuta mondo jike amelala pembeni amekufa, maziwa yanamtoka. Na majanini sauti kama ya ndege. Hakuweza kukiacha kile kitoto, anasema. Na hakuweza kuja kuniambia mimi — mimi, wakati ule — kwamba nimemuua mama, huyu hapa mtoto. Neno Savana alilipata kwenye video ya simu wakati anasubiri mizani.

Nilikata simu.

Miezi minne nalala na mnyama wa porini miguuni! Miezi minne simu inaniambia ndiyo, ndiyo, kila kitu kimeandikwa! Ilikuwa kweli kila neno — ila ni habari za wajukuu, na mimi nilikuwa na babu mwenyewe ndani ya nyumba!

Nimekasirika! Halafu Balozi kaja kuweka kichwa kwenye goti langu. Yeye hana mama, mimi sina mtoto, na Obed akatuweka kwenye boksi moja. Nimelia, sijali nani kasikia.

Nimemweleza Kuruthumu. Akashika kichwa. Wallahi Esnath, anasema, kufuga mnyama wa serikali bila kibali ni kesi. Atakayekamatwa ni aliyemleta. Obed!

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika nikiwa sebuleni. SEBULENI. Kando yangu, kiasi cha mkono, amekaa baba mkwe wangu. Sijajifunika. Kanga iko kwenye kamba nje. Mungu wangu, niandike tu, na daftari la vipimo ndilo pekee lililokuwa kwenye mfuko wa aproni.

Kuruthumu alikwenda sokoni. Muda si mrefu Mzee Ackson akaja uani na mbwa wake. Anasema bwana wa wanyamapori amekubali kuja, yeye anataka tu kuhakikisha mnyama yupo. Nilikuwa nimeshamfungia Balozi chumbani. Mbwa kanusa chini ya mlango, akaanza kubweka kama kichaa. Mzee Ackson akaridhika, akamvuta mbwa, akasema anarudi sasa hivi na mgeni wake.

Lakini nyumba yetu haina dari. Ukuta wa kati unaishia hewani, chini ya bati. Nikasikia kucha, nikasikia kishindo upande wa pili. Vyombo. Kiti. Kisha kikohozi.

Nikajificha nyuma ya mlango wa jiko, nikagonga mfuniko. Mazoea! Kikohozi tena. Nikagonga tena. Hakuna aliyetoka. Nikagonga kwa nguvu. Ndipo nikasikia sauti yake, mara ya kwanza inanijia mimi na si mtu mwingine:

“Esnath! Mwanangu, njoo!”

Pazia nililipita sijui vipi. Mzee yuko chini kando ya kiti, bandeji jichoni, mkono unavuja damu. Na juu ya kabati, kando ya mlango wa mbele — Balozi. Si Balozi ninayemjua. Masikio yamelala, meno yote nje, anatema kama mafuta ya moto. Nikapiga hatua moja na akanyanyua mwili wote.

“Kaa,” mzee akasema. “Kaa hapa chini na mimi. Usimtazame machoni.”

Nikakaa. Nikamfunga mkono kwa mkanda wa aproni. Mikwaruzo, si meno, anasema Balozi alimkanyaga wakati anashuka ukutani. Mkono wake ni mkavu na mzito, wa kulima. Niliushika kabla sijakumbuka kwamba siruhusiwi.

Tumekaa. Balozi ameanza kutulia, ila tukijisogeza anapuliza. Mzee akauliza mlio ule wa kukwaruza ni wa nini. Nikasema ni kalamu. Hiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kwake katika maisha: ni kalamu, baba. Akasema endelea, naye anaisikiliza.

Kisha akasema: “Mimi nilimwona kwa mkono tu. Nieleze na wewe ulivyomwona kwa macho.”

Nikamweleza. Miguu, shingo, madoa yanayoungana mgongoni, mkia wa pete. Akauliza nyuma ya masikio kukoje. Nikasema nyeusi, na doa jeupe. Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani atasema: si niliwaambia?  Badala yake aliuliza mama wa mnyama yuko wapi.

Nikamwambia yote. Barabara ya chai, ukungu, lori la mwanawe, maziwa. Hata Savana. Nilimwambia uso kwa uso, na ndiyo, ana pua pana kama ya Obed, na ndevu nyeupe alizozikata vibaya kwa kutoona.

 Halafu akasema jambo, na nalinukuu kama lilivyo, nisije nikalisahau:

“Mwezi wa pili walinipa habari zako. Nilikuwa na pole yako. Nikamwita mama yenu nimtume, nikaona si neno la kumtuma mtu. Kukuletea mwenyewe siwezi. Nimekaa nayo tu. Pole, mwanangu.”

 Miezi yote nilidhani yeye tu ndiye hakusema kitu. Nilimchukia kidogo, kimya kimya, nikiwa nimejifunika.

Nimelia na Balozi hajapuliza.

Pikipiki. Imezima nje. Sauti ya Mzee Ackson, na sauti nyingine, ya upole, ya mtu wa ofisini. Hodi wenyewe.

Mzee amenishika bega, ananong’ona. Anasema yeye ni mzee wa kanisa na hajawahi kusema uongo mbele ya serikali. Lakini huyu mnyama, anasema, ni wa nyumba yangu mimi, si yake. Nikisema ni paka, naye atasema ni paka, na watamwamini, maana nani Kinyala nzima anayemjua mondo kumzidi? Nikisema ni mondo, atasema ni mondo, na suala la Obed atalisimamia yeye, atakwenda mwenyewe hadi halmashauri na bandeji yake. Ila yule akikua, anasema, hatatosha kwenye beseni. Na tena: “Amua wewe. Mimi sioni.”

Hodi ya pili. Mzee Ackson anasema wamo, nimesikia watu.

Balozi ameshuka. Ameshuka taratibu, kapita katikati yetu, kalala kwenye aproni yangu, juu ya ukurasa huu, naandika kwa kuzunguka mguu wake. Moyo wake unakwenda mbio kuliko wangu.

Mzee anasimama. Anashika ukuta, anatafuta komeo la mlango kwa vidole. Kabla hajalivuta amegeuka upande wangu na kukohoa. Kikohozi kile kile kimoja, kikubwa, cha kunipa nafasi nijifiche. Mlango wa nyuma uko wazi. Anasubiri mfuniko.

Jina la baba mkwe wangu ni Anyelwisye. Nimeliandika.

Sijagonga. Nipo hapa hapa, baba, nimesema. Fungua.